Nyumba Tuliyoielekeza Ziwani

Nyumba ya kwanza niliyoishi baada ya kuolewa ilikuwa ya bati, katika kambi ya wafanyakazi wa pamba pale Baraka, kando ya ziwa, miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka Ubwari, kwenye nyumba za nyasi, kwa hiyo nilipoonyeshwa lile paa linalong'aa nilijiona nimepata. Kabla kiangazi hakijaisha nilikuwa nimeelewa kosa langu. Paa lilikuwa chini, dirisha dogo kama la ghala, na joto la mchana lilibaki nasi mpaka tunalala.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, miguu ilimvimba, na joto lilimkata pumzi. Alishinda nje, akihamisha mkeka kila kivuli cha ukuta kiliposogea.

"Hii nyumba inatupika sawa mihogo," alimwambia mume wangu. "Unijengee hata kibanda, mwanangu. Nipumue tu."

Mume wangu alikuwa mwashi wa kambi ile. Jumapili moja nilimpeleka kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akituuzia ndagala, wale dagaa wa ziwani, maana nyumba yake ilikuwa na ubaridi hata jua likiwa kichwani. Ilikuwa ya zamani, kuta nene za udongo, na matundu chini ya paa. Mume wangu aliweka kiganja ukutani akasimama hivyo muda mrefu. Tuliporudi alichukua kijiti akaanza kuchora chini.

"Mulango utazame ziwa," nilisema. "Upepo unatoka kule."

"Na ukuta murefu usitazame jua," akasema. "Jua lipate ule mufupi tu, asubui na mangaribi."

Tulibishana juu ya paa. Mimi nilitaka nyasi, yeye aliogopa moto. Mwishowe tukakubaliana: mabati makuukuu juu, na chini yake dari ya matete iliyokandikwa udongo, kati ya mabati na dari pawe wazi ili joto litoke. Chifu wa pale alituonyesha kiwanja kati ya barabara na ziwa. Udongo tuliukanyaga wenyewe, matofali tukayaanika, na kila jioni baada ya kazi alijenga mpaka giza likamzuia.

Mama mkwe alihamia kabla hata ukuta wa nyuma haujasiribwa udongo. Alilala mchana, ndani, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya. Wiki zile alikuwa akichambua mboga mwenyewe na kunisimulia habari za ndugu zake wa Kilembwe. Nilianza kuamini kwamba atapona.

Kisha akaja Mzungu wa afya, yule wa serikali aliyekagua nyumba, pamoja na karani wake. Aliingia, akavua kofia, akaomba maji. Alikaa kwenye kigoda chetu, akatazama dari, akasema jambo kwa Kifaransa.

"Anasema humu iko baridi muzuri," karani alitafsiri.

Mume wangu alifurahi. Alianza kumweleza habari za matete, na karani akatafsiri, na yule mtu akawa anaitikia kwa kichwa. Alipomaliza maji alisimama, akavaa kofia, akasema tena.

"Anasema nyumba zote zitapangwa kwa barabara, ubavu murefu kwa barabara. Hii haiko kwa musitari. Muivunje mbele ya mvua kuanza."

"Umwambie mama iko mugonjwa," mume wangu alisema.

Karani alimwambia. Jibu halikubadilika. Chifu naye, tulipomwendea, alisema hana la kufanya, na nadhani ni kweli hakuwa nalo.

Tuliibomoa wenyewe, kwa sababu kama tusingeibomoa wangetuletea askari. Mama mkwe alikaa juu ya mzigo wake wa nguo akatutazama. Tukarudi kambini. Alifariki kabla ya mvua kuanza, adhuhuri, mlangoni, nikimpepea kwa kipande cha mkeka.

Baada ya msiba mume wangu aliitwa kujenga nyumba mpya za ule mstari wa barabara. Zilikuwa zote namna moja, ubavu kwa jua. Nilimuuliza kama hawezi kuacha hata tundu chini ya paa.

"Pale haiko," alisema. "Kwa ile ramani yabo, ya Wazungu, tundu haiko."

Nikamwekea ugali. Alikula kidogo, akanawa, akatoka na mkeka kwenda kulala nje.