Banasema nililishwa sumu, munganga anasema ni zinki zangu

Admin, ficha jina yangu vizuri, juu hapa Kamembe bantu bananijua sana. Niko mama ya myaka makumi ine na nane, niko na bwana na batoto banne, minauza sambaza, samaki badogo ya ziwa, kwenye soko. Masomo nilifika ya tatu tu, nikiandika vibaya cheka halafu unisaidie. Mimi ni muntu ya kucheka, hata kwenye kilio minachekesha bantu. Lakini sasa minaogopa mpaka mate inakauka.

Ilianza wakati ya corona. Niliugua, nikapona, lakini ladha ikapotea. Muuza sambaza hasikii chumvi! Mwenzangu wa soko akaniambia, "Nunua zinki kule Bukavu, inarudisha ladha." Nikavuka mupaka, nikanunua chupa ya vidonge. Ladha ikarudi, weeh! Toka pale sikuacha tena: mbili asubui, mbili magaribi, juu ya nguvu, juu ya nywele, juu ya mafua. Chupa ikiisha minavuka tena. Minajiambia, si hii zinki banapatia batoto benye kuhara, badogo kabisa? Itanifanya nini mimi na makalio yote haya?

Mwaka huu miguu ikaanza kufa ganzi, kama nimevaa soksi na sikuvaa. Halafu nikaanza kuyumba kama mulevi, na mimi ni Muislamu, pombe siijui. Wifi yangu, dada ya bwana, akauliza, "Ulikunywa kwa nani?" Nikakumbuka Maman Zawadi, jirani anauza jus ya maracuja, matunda ya pasheni. Alinipa jus na hakuonja mbele yangu. Na kwetu mwenye kukupa kinywaji anaonja kwanza, uone hakuna sumu. Wifi akapiga kelele, "Njo yeye!" Na mimi nikasambaza hiyo maneno soko yote. Sasa jus yake inalala, hakuna muntu ananunua.

Juzi nikaenda kwenye kituo ya afya. Munganga, kijana mupole, akanigonga magoti, akaangalia macho. "Mama, damu yako inaonekana kidogo. Unakunywa dawa gani?"

"Dawa hakuna, papa. Ni vitamini tu." Nikamuonyesha chupa.

"Toka lini?"

"Toka corona."

Akashika kichwa. Akasema zinki ni nzuri, mwili inaihitaji, lakini kidogo. Mutoto mwenye kuhara anapewa siku chache, anaacha. Ukiijaza myaka na myaka, inafukuza madini ingine inaitwa shaba, na bila shaba damu inapungua, mishipa ya miguu inaharibika. "Pengine njo hii. Acha leo, uende hospitali kubwa bapime damu."

"Miguu itarudi?"

"Mara ingine inarudi polepole. Mara ingine hairudi yote." Nilitafuta kicheko yangu, nikakosa.

Nyumbani wifi akawaka: "Shaba si ya kutengeneza sufuria? Iko ndani ya muntu kufanya nini? Huyo kijana anaficha mulozi!" Amepanga Ijumaa twende Nyakarenzo kwa mzee mwenye kutapisha bantu sumu. Bwana anasema nikikataa nimezarau dada yake. Nami minaogopa, na damu kidogo hivi, kutapishwa si kutaniangusha?

Jana nikitoka soko, nafika mulangoni nasikia, "Maman!" Ni Maman Zawadi, ameshika kandambili yangu. Ilinitoka njiani, nikatembea juu ya mawe muguu wazi, inatoka damu na sikusikia! Hakuingia. Akaiweka chini, mbali. "Ita muntu aone sikuipaka kintu." Akaenda zake.

Kama ni zinki, nimemuharibia mama ya bantu jina bure. Kama ni sumu kweli na sikutapika, nitakufa nikimuomba radhi mulozi wangu. Na ganzi inapanda, leo iko karibu na magoti. Benye munajua hizi zinki, benye miguu yenu ilirudi, nishaurini: niende hospitali ao Nyakarenzo? Na Maman Zawadi, ukuta kwa ukuta na mimi, nimwambie nini? Jibuni mbele ya Ijumaa, tafazali.