Kongamano Siku ya Gulio

Elinipendo aliponyoosha mkono kwenye kikao cha walimu, kila mtu alidhani anataka kuuliza kama chai iongezwe. Ndiyo, kwa miaka kumi na tisa kwenye ile sekondari ya huku juu Masama, kazi yake vikaoni ilikuwa kumimina chai.

"Mkuu, hilo kongamano la wanafunzi nipeni mimi nilisimamie," akasema. "Bwalo nalijua, masufuria nayajua, na akina mama wa kuhudumu nawajua kwa majina."

Walimu wakatazamana. Shule sita za mjini, wanafunzi mia tatu, kongamano ambalo miaka yote hufanyika mjini Moshi na mwaka huu limepandishwa mlimani, leo akabidhiwe mhudumu! Lakini hakuna mwalimu aliyelitaka, kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Mwalimu Kornel, mkuu wa shule, akakuna kichwa.

"Haya, Mama Gidi, ni lako. Hata tarehe panga wewe. Ila ujue, likivurugika linarudi mjini, na huku mlimani hatutaliona tena."

Jamani, mama alifurahi huyo! Alifagia bwalo mara tatu kwa siku mbili. Akaazima viti usharikani, akapima kwa hatua zake mahali pa meza ya usajili, akahamisha jukwaa, akalirudisha palepale. Tarehe nayo aliichagua kwa akili: alikagua matangazo ya usharika, akaona hakuna kipaimara, hakuna harusi, hakuna kwaya ya wageni. Barua zikaenda shule zote. Ndipo akashuka kwa jirani yake Anaeli, kiongozi wa wale akina mama ishirini aliowategemea.

Anaeli alikuwa anakatia ng'ombe majani. Aliposikia tarehe, akaangua kicheko.

"Weee, Mama Gidi! Siku hiyo si gulio, soko la Kwa Sadala? Nani atakuja kukupakulia wali, ndizi zimuivie nyumbani? Ama kweli wewe mtu wa mshahara. Umeshasahau wenzako tunakula wapi."

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli tupu. Tangu aajiriwe hakuwahi kubeba mkungu kwenda sokoni, na gulio lilikuwa limemtoka kabisa akilini. Sasa barua zimeshaenda. Kuahirisha ndiyo kuvuruga kwenyewe. Akakaa juu ya rundo la majani, akaanza kuhesabu mabasi yatakayopanda kutoka mjini. Sita. Yatapanda yamejaa watoto, yatashuka na watoto walewale, na buti tupu.

Akaruka juu. "Anaeli! Zileteni ndizi shuleni!"

"Tumuuzie nani, kengele?"

"Walimu wa mjini! Madereva! Si ndizi zetu hizihizi wanazonunua kule sokoni Pasua kwa bei ya kuruka? Zitaisha, nakuahidi."

"Na zisipoisha?"

"Zisipoisha, usinisalimie tena."

Anaeli akafunga mzigo wa majani. "Nitawaambia wenzangu," akasema. "Lakini ahadi ni yako, siyo yangu."

Siku ikafika, na akina mama wakafika wote ishirini, kila mmoja na mkungu kichwani. Wakaipanga getini, wakafunga kanga viunoni, wakaingia kazini. Ee, siku hiyo! Usajili ulikwenda kama maji, mtori wa ndizi ukatosha, watoto wakajadiliana mpaka bwalo likavuma. Elinipendo alikuwa kila mahali, kitambulisho kifuani, akicheka peke yake.

Saa kumi madereva wakawasha mabasi. Pale getini hata mkungu mmoja ulikuwa haujauzwa, maana wauzaji walikuwa jikoni kutwa nzima. Anaeli alisimama mlangoni pa jiko na upawa mkononi, akamkazia macho Elinipendo.

Elinipendo hakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Akakinyakua.

"Wageni wetu, hakuna kuondoka! Huku kwetu ibada haiishi bila mnada wa sadaka, na kongamano nalo haliishi bila mnada! Mkungu huu hapa, ndizi za mtori, zimelelewa na samadi! Nani anaanza?"

Dereva mmoja akataja bei kwa utani. Mwalimu wa shule ya mjini akampandia bei. Watoto wakapiga makofi, na Mwalimu Kornel, ambaye ana migomba tele nyumbani kwake, akajikuta amenunua mkungu wa tatu. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, umekwenda! Mabuti yakajaa, mikungu mingine ikapakatwa na wanafunzi.

Mwalimu wa mjini akachungulia dirishani mwa basi. "Mama, mwakani tunarudi hapahapa. Mtatupa tarehe gani?"

Elinipendo akamgeukia Anaeli, amwachie yeye aseme. Anaeli alikuwa anafungia pesa zake kwenye pindo la kanga.

"Siku ya gulio," akajibu.