Namjazia Upepo Mtupu Aliyeniita Mhujumu

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu lifichwe, ila hasira yangu iacheni kama ilivyo. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, nina banda la matairi Buswelu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa fundi matairi kwenye karakana ya malori ya pamba hapa Mwanza. Matairi yalikuwa adimu, tunaziba kiraka juu ya kiraka. Siku moja mafundi wa chumba cha baridi cha samaki, majirani zetu, walituachia mtungi wa naitrojeni uliobaki. Nikaijaza gesi hiyo kwenye matairi ya lori moja badala ya upepo. Lile lori lilikwenda Sengerema na kurudi mwezi mzima bila matairi kuongezwa, maana gesi ile ni kavu na haipungui upesi. Kwa furaha nikamweleza rafiki yangu wa kazini, nimwite Lazaro.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi Lazaro akasimama. "Ndugu zangu, mwenzetu anateketeza gesi ya umma kwenye matairi, wakati upepo Mungu anatupa bure. Hii si hujuma?" Watu walicheka, kisha wakanyoosha mikono nifukuzwe. Nikarudi kijijini kulima. Baadaye nikasikia Lazaro amewaonyesha wakubwa "ugunduzi wake", akapewa cheti cha mfanyakazi bora.

Mwaka huu kaja bandani na gari la mwanawe. Hakunitambua. "Fundi, weka naitrojeni. Mimi ndiye niliyeianzisha Mwanza hii, wewe hata spana ulikuwa hujaishika!" Nikamwekea upepo mtupu. Safari ya tatu akaja akisifu, "Naitrojeni yako ndiyo yenyewe!" Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Siwafichi, roho iliburudika.

Lakini haijanitosha. Jumamosi watoto wake wanamfanyia sherehe ya kuzaliwa, naye kanialika. Cheti kile kitasomwa mbele ya ukoo. Nataka nisimame, nianze na "Ndugu zangu", kama alivyoanza yeye.

Kinachonikwaza ni mjukuu wake, binti aliyekuja naye bandani juzi. "Shikamoo babu. Nasomea uhandisi kwa sababu ya cheti cha babu yangu." Nikaitikia marahaba huku nimeinamia tairi.

Nishaurini kabla ya Jumamosi. Niseme, au nizikwe na ukweli wangu? Mara ile walinyoosha mikono bila kunisikiliza. Ninyi mmenisikia. Haya, nyoosheni.