Bendera Nyekundu Mchangani

Ashukuriwe Mungu, mwenye kuongoza miguu ya watoto hata pale wakubwa wao wanapotazama kwingine. Amenipa umri wa kusimulia, nami nasimulia kwa shukrani.

Juzi mdogo wangu, anayeishi Uingereza, alinitumia picha kwenye simu. Walikuwa wamekwenda likizo pwani, na binti yake amechuchumaa kando ya nyumba ya mchanga aliyoijenga. Juu yake amechomeka kibendera chekundu. Ni picha ya furaha, rafiki yangu, lakini niliiweka simu chini.

Pwani hiyo niliijua nikiwa bado sijavaa viatu. Ilichorwa kwenye mkebe wa biskuti kutoka Uingereza ambamo haboba, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, aliweka sindano na nyuzi, nyumbani kwetu Malakia, mtaa wa mji ulio kando ya mto. Bahari, viti vya mistari, punda waliobeba watoto, nyumba za mchanga zenye bendera. Haboba aliwacheka wale watu. "Watu wazima wamelala mchangani mchana kutwa kama mamba. Kwao hakuna shamba la kupalilia?"

Sisi tuliwaonea wivu. Vita ilikuwa imeuzingira mji. Malori hayakuingia, tulikula asida, ugali wa kwetu, kwa majani ya kunde, na mizinga iliponguruma tulijibanza chini ya kitanda. Hofu ilikuwa kama moshi wa jikoni: uliizoea, lakini haikutoka kwenye nguo.

Kiangazi mto ulipungua na mchanga mweupe ukajitokeza. Tulikwenda kuchota maji kwa njia moja tu, nyembamba, na haboba alikuwa na usemi wake: "Njia ya maji haina tawi." Sababu hakututajia. Wakubwa wa wakati ule hawakupenda kutaja kifo mbele ya watoto.

Asubuhi moja haboba alikuwa akifua ukingoni pamoja na jirani yetu, muuza samaki. Mimi na mdogo wangu tukajenga nyumba ya mchanga kando ya njia, kwa bakuli. Ikatoka nzuri, ila haikuwa na bendera. Nikainua macho, nikaona mbele kidogo vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Nilidhani watoto wengine wamecheza Uingereza kabla yetu.

"Nenda kalete kimoja," nikamwambia. "Wewe mwepesi."

Akakimbia, akakipita cha kwanza kwa kuwa kilichakaa, akang'oa cha pili. Nikamsikia jirani akisema kwa sauti ya chini, "Ya Rabi. Mama, tazama mtoto."

Haboba hakupiga kelele. "Mwanangu, simama hapo hapo. Unaziona nyayo zako?"

"Naziona."

"Rudi nazo. Weka mguu palepale, polepole, kama mwizi wa kuku."

Mdogo wangu alicheka, akarudi akinyata. Mimi niliitazama midomo ya haboba ikiomba bila sauti, nikaelewa kuwa chini ya mchanga ule kulizikwa mabomu, na kwamba aliyemtuma ni mimi. Sijawahi kuogopa hivyo tena.

Alipofika, haboba akakichukua kile kijiti. Jirani akamshika nguo. "Kitupe, twende nyumbani."

"Kesho mtoto wa mwenzangu atakuja kuchota maji. Nani atamwonya?"

Akavua ndala. Nyayo za mtoto wa miaka mitano hazimtoshi mtu mzima, kwa hiyo alikwenda kwa ncha za vidole. Akakichomeka kijiti kwenye tundu lake, akarudi vilevile.

"Uzee wote huo na bado unacheza ngoma," jirani alisema, huku machozi yakimtoka.

Haboba hakunichapa. Mchana alifungua mkebe ashone, lakini uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Nikamtungia mimi.

Mkebe ulipotea tulipokimbilia Uganda, na haboba amezikwa huko huko. Mimi nimerudi Malakia; siku hizi ukingoni kumepangwa viti vya plastiki, watu wanakunywa soda wakitazama maji, na ile njia nyembamba siioni tena.

Nilimpigia mdogo wangu kumuuliza kama alikiona kibendera.

"Nilikiona, dada. Nikamwambia mtoto arudi kwa nyayo zake. Akanicheka."

Acha acheke. Nawe msomaji, Mungu akubariki, na popote utakapokanyaga akutangulizie mtu aliyeirudisha bendera mahali pake. Amina.