Safu ya Watoto

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mwanzoni ili mtu asinitafutie udhuru. Vita vilipowasukuma watu wa upande wa Mulongo mpaka Kamina, kanisa letu liliniomba mimi, mwalimu wa hesabu ambaye shule yake ilikuwa imegeuzwa malazi, niwaandike. Nilichora tablo, yaani jedwali, kwenye daftari kubwa: watoto, wenye mimba, wazee, wagonjwa. Kila jina lilipoingia niliongeza moja kwenye jumla ya kundi lake, nikaiandika mwishoni mwa mstari uleule. Ungeniuliza saa yoyote watoto wamefika wangapi, ningesoma mstari wao wa mwisho tu. Nilijivunia tablo ile kupita kiasi. Safu ya umri sikuiweka, eti nabana karatasi.

Maziwa ya unga yalikuwa makopo mia tatu, kopo moja kwa kila mtoto, yatolewe Jumamosi. Jumatano jumla ya watoto ikafika mia tatu. Nikapiga mstari mwekundu.

Alhamisi asubuhi akaja mama kijana, mtoto mgongoni.

"Mwalimu, iko na myezi tatu. Maziwa yangu ilikauka mu njia."

"Batoto bamejaa, mama. Ngoya juma ingine."

"Juma ingine iko mbali, mwalimu."

Nilimwonyesha ule mstari mwekundu, kana kwamba anayenyonya anajua kusoma. Akarudi darasani walikolala, karibu na stesheni.

Ijumaa bibi mmoja akaja na tikiti ya maziwa niliyompa alipoandikisha, akiuliza mtoto wake apitie mlango gani kesho. Nyuma yake alisimama dume la mtu, ndevu kidevu kizima, ameegemea fimbo.

"Mama, huyu njo mutoto?" nikauliza, nisiamini kuwa ndiye.

"Na ndevu yake, iko mutoto wa nani? Wa weye?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Kisha nikaacha kucheka, nikalivuta daftari. Kwetu mtoto ni mtoto hata akiwa na wajukuu. Nalijua hilo tangu utotoni, lakini kila mzazi aliponiambia "andika mutoto wangu", niliandika bila kuuliza miaka.

Nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Niliwaita wazazi mmoja mmoja, nikauliza umri, nikakata jina, nikashusha jumla, na kila jumla iliyofuata chini yake ikabidi ishuke pia. Nilimwomba Mungu kwa sauti mbele za watu, bila haya. Nilijichukia kwa kila jina nililokata. Kufikia saa tisa alasiri watu wazima walikuwa arobaini na mmoja. Makopo arobaini na moja yalikuwa ghalani, hayana mtoto! Nikachukua moja bila ruhusa ya mtu, nikakimbia nalo hadi stesheni, mtu mzima mwenye tai.

Yule mama alikuwa ameketi mlangoni mwa darasa. Kitenge cha kubebea kilikuwa kimekunjwa magotini mwake, mgongoni hakuna mtoto.

"Mama, nafasi ya mutoto imepatikana," nikasema, huku nahema. Nilikuwa nimeshakiona kitenge, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Alilitazama kopo. Hakulia, wala hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Aksanti, mwalimu. Utoshe tu yangu mu hesabu, ukate jina yake."

Nikafungua daftari pale pale, nikashika kalamu, nikapitisha kidole safu nzima ya watoto. Sikuwa nimemwandika.