Milio Mitatu

Nilipewa somo la kompyuta kwa sababu moja tu: nilikuwa na laptop yangu. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Siku shule yetu ya huku vilimani Kibakwe ilipoletewa kompyuta kumi zilizokwisha kutumika, mkuu wa shule alinikabidhi ufunguo wa chumba akasema, "Mwalimu, humo ni kwako sasa."

Nilipoziwasha, nne tu ndizo zilizoonyesha kitu. Sita zilibaki na kioo cheusi, zikatoa milio mitatu mirefu, kisha kimya. Wanafunzi walikuwa wamejazana madirishani. Niliwarudisha darasani, nikafunga mlango, nikabaki na aibu yangu.

Nilikuwamo kwenye kundi la simu la walimu wa kompyuta wa mkoa. Kwa miezi nilisoma tu, sikuwahi kuandika neno; niliona wote wanajua kuliko mimi. Asubuhi ile nilirekodi milio ile nikaituma. "Samahani walimu, hii ni nini?"

Sijaweka hata simu mezani, ikaita. Alikuwa mwalimu wa kike anayefundisha Nzuguni, ambaye sikuwahi kuonana naye.

"Hiyo ni RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, mwalimu. Una ufutio wa penseli?"

Nilidhani ananitania. "Ninao."

"Haya, chomoa waya wa umeme. Fungua ubavu."

Aliniongoza hatua kwa hatua. Nikachomoa kibao chembamba, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu yaliyoshika uchafu, nikakirudisha mpaka kikakaa vizuri. Nikawasha. Kioo kikawaka buluu. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani! Naye alicheka, na nyuma yake nikasikia kengele ya shule yao. Mapumziko yake yote ya chai yalikuwa yameishia kwangu.

Ndipo nikamwambia lililokuwa likinitesa. "Dada, zikiwaka zote nitafundisha nini? Mimi sijui."

Akaniuliza, "Jumamosi utakuwepo shuleni?"

Jumamosi yule dada alikuja na mwalimu mzee wa kompyuta kutoka Kondoa, aliyekaribia kustaafu. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba," akajibu, "wanafunzi wako wapi?" Hakugusa kompyuta hata moja. Aliwasimamisha wanafunzi wanane uwanjani, mstari mmoja, ovyo ovyo.

"Mtazame jirani yako wa kulia tu. Ukimzidi urefu, badilishaneni nafasi."

Wakabadilishana, wakacheka, wakabadilishana tena, mpaka ghafla hakuna aliyesogea. Mstari ulikuwa umejipanga, mfupi hadi mrefu.

"Mwalimu, nani ametupanga?" binti mmoja akauliza.

"Hakuna. Mmefuata agizo moja dogo, mkalirudia. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo."

Miaka yote nimefundisha hesabu hapa, sikuwahi kuona wazo likitembea kwa miguu.

Kabla hawajaondoka, mzee alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, akatoa daftari. "Sasa wewe wa hisabati, nisaidie. Zile namba za kompyuta, za sifuri na moja tu, huwa nashindwa kuwaelewesha watoto. Unaanzaje?"

Nilishika chaki, nikachora mawe ubaoni, nikamweleza kwa kuyafunga mawili mawili: jiwe likibaki ni moja, lisipobaki ni sifuri. Aliandika kila kitu, akapiga mstari chini ya maneno mawili, akauliza swali, akaandika tena. Nilikitazama kichwa kile chenye mvi kilichoinamia daftari, nikachora fungu jingine.