Mbwa Aliyefundishwa Kuchukia Kanga

Mbwa alimng'ata mama asubuhi, bahari ikiwa imekupwa, alipokuwa anakwenda kwenye mwani wake kwa njia aliyoipita tangu utoto. Njia ile hupita baina ya mashamba mawili ya minazi kijijini kwetu, kusini mashariki ya Unguja, ikatokea moja kwa moja ufukweni. Mfanyabiashara mmoja wa Mji Mkongwe, mwenye duka la vitambaa na nyumba ya wageni, alikuwa amelinunua shamba moja, akajenga nyumba ya mapumziko na kuusogeza ukuta wake mpaka katikati ya njia. Wanawake wa mwani wakenda kushitaki kwa sheha, mkuu wa serikali hapo kijijini. Sheha akamwambia aubomoe ukuta. Yule bwana hakubishana wala hakubomoa. Alileta mbwa.

Mimi naishi Jang'ombe, na kazi yangu ni msaidizi wa daktari wa wanyama, nje kidogo ya mji. Tunatibu punda, ng'ombe, paka, na mbwa wachache wa walinzi na wageni. Nilikuwa namfunga punda bendeji nilipopigiwa simu kwamba mama yuko hospitali. Nilimkuta ameshashonwa mguu na mkono, ameshachomwa sindano ya mwanzo ya kinga ya kichaa cha mbwa, na kanga yake imechanika imelala kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Nikamwambia afunge kiganja. Vidole viwili havikufunga.

"Vitarudi," nilimwambia.

"Wewe daktari wa punda," mama alisema. "Unajuaje?"

Jioni ile nilimpigia simu yule bwana. Nilitaka aseme pole. Lau angesema pole, sijui, pengine mambo yangekwenda njia nyengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Binti yangu, mbwa ndivyo alivyoumbwa. Mwambie mama yako apite njia za watu." Akakata simu.

Maneno hayo niliyabeba. Nikisukuma mlango wa kazini niliyasikia, nikimkatia mama kucha niliyasikia. Nilikuwa sijawahi kumtakia mtu ubaya kwa muda mrefu hivyo, na nilishangaa kuona hautaki kupungua.

Sheha akaamuru mbwa afungiwe na aangaliwe kama ana kichaa, na banda madhubuti lilikuwa kwetu kazini. Mlinzi wa yule bwana akamleta kwenye gari, amefungwa mdomo kwa kamba. Lilikuwa dume kubwa la rangi ya mchanga, mbavu zote unazihesabu. Lilipoingia bandani lilijibanza pembeni na kuunguruma. Nikamfuata daktari ofisini.

"Nipe ruhusa nimchome sindano ya kulala moja kwa moja," nilimwambia.

Daktari wetu ni mwanamke wa Pemba, si mtu wa maneno mengi. "Akiwa hai na mzima siku za kuangaliwa zikimalizika, tutajua hakumtia mama yako kichaa," alisema. "Unataka kujua au unataka kumuua?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na kujua."

Siku zilipopita mbwa akawa anakula, anakunywa, hana dalili ya kichaa. Kilichonishangaza ni kwamba daktari aliingia bandani na suruali na koti lake la kazi, akamchunguza shingo, na mbwa akatulia, anatetemeka tu. Shingoni, chini ya manyoya, waya ulikuwa umeingia ndani ya nyama. Tuliutoa. Hakumng'ata mtu. Lakini mchana huo nilipotoka kuswali nikapita mbele ya banda nikiwa nimejitanda kanga, alijirusha kwenye nondo mpaka akatoka damu puani. Nikarudi nyuma, nikaivua kanga, nikapita tena na nguo zangu za kazi. Akanitazama tu. Nikaichukua ile kanga, nikaitundika kwenye msumari, mwenyewe nikakaa mbali. Akaibwekea kanga tupu mpaka sauti ikamkauka.

Nilimtafuta yule mlinzi. Alikuwa ameshaacha kazi, anakaa kwa kaka yake kwenye majumba ya Michenzani. Mtu wa bara, mnene, mpole. Tulizungumza ngazini. Nilimuuliza jambo moja tu: mbwa na kanga, kuna nini?

"Bosi alininunulia kanga," alisema. "Akaniambia nijifunge kama wanawake wa huku, nibebe gunia kichwani, nipite mbele ya mbwa nimpige. Kila asubuhi. Kisha yeye anakuja na kanzu yake anampa nyama. Alikuwa anasema mbwa lazima ajue adui yake ni nani."

"Na wewe ulikubali?"

"Nilikubali. Mbwa yule ameniuma mimi kabla ya kumuuma mama yako." Akanionesha paja. "Na bosi naye mbwa anamwogopa. Usidhani anampenda kwa ile nyama. Siku akikataa kubweka, bosi huchukua bakora."

Nilirudi kwa miguu mpaka Jang'ombe, na njiani hasira yangu ikabadilika sura. Mbwa nilimwacha. Hasira yote ikahamia kwa mtu mmoja mwenye kanzu, na ikatulia pale vizuri, kama kitu kilichopata mahali pake. Nikajua ninachotaka. Alitengeneza silaha, mimi nitaivunja silaha hiyo kwa mikono yangu, kisha nimrudishie mbele ya watu.

Nilimweleza daktari. Hakuniuliza sababu. Alisema tu, "Ukifika bandani hasira yako iache nje. Yeye hajui umemkasirikia nani, na atakuuma wewe."

Sheha alikuwa ameamuru mbwa abaki kwetu mpaka shauri lisikilizwe, basi nikaanza. Kumtoa mbwa ukali si kazi ya kumkemea wala ya kumbembeleza. Nilimzoesha kwanza kuvaa kifungo cha mdomo, nikimpakia samaki wa kusaga ndani yake mpaka akawa anakitia mdomo mwenyewe. Kisha nikaiweka kanga mbali, mwisho wa ua, mahali anapoiona lakini haijampandisha hasira. Kila akiitazama bila kubweka, kipande cha samaki. Akibweka, nimeisogeza karibu mno. Kosa ni langu, naipeleka mbali tena. Wiki zikapita hivyo. Kanga ikatoka mwisho wa ua ikafika katikati, ikatoka msumarini ikafika begani kwangu, kisha kichwani. Zilikuwapo siku tulizorudi nyuma kabisa. Siku moja upepo uliipepesa kanga usoni pake na kazi ya mwezi mzima ikaonekana imepotea. Nilikaa chini nikalia, kisha nikaosha uso nikaanza tena kutoka mbali. Kilichonipa subira si huruma. Kila nikichoka nilikuwa naisikia ile sauti ya upole: apite njia za watu.

Nyumbani kulikuwa na vita vyengine. Mama alikuwa anakaa kwangu kwa ajili ya sindano zake na mazoezi ya mkono. Aligundua kwa harufu ya samaki.

"Mbwa aliyenila mie, wewe unamlisha?" aliniuliza mlangoni. "Kwa mkono huo huo unaonipikia?"

"Mama, nataka nimrudishie mwenyewe akiwa hana meno."

"Hana meno vipi? Meno yake nnayo hapa." Akaninyanyulia mkono. Kisha akanielekeza bombani na kwenye kopo la udongo wa kuondolea najisi ya mbwa. "Jitwahirishe. Na usiniingilie chumbani na nguo hizo."

Kila siku nilijiosha kwa maji na udongo pale uani kabla ya kuvuka mlango, na kila siku mama alisimama kuhakikisha. Hatukuzungumza zaidi ya hayo, mpaka nilipomweleza habari ya mlinzi aliyevishwa kanga. Alikuwa anakuna nazi kwa mkono wake mzima. Akaacha kukuna.

"Alimvisha mwanamme kanga," alisema polepole, "ili mbwa atuchukie sisi."

"Naam."

"Wallahi, na ajulikane."

Shauri la ukuta na la mama kung'atwa lilisikilizwa uani kwa sheha, asubuhi, wanawake wa mwani wamekaa kwenye majamvi na wazee wamekaa kwenye viti. Yule bwana alikuja na kanzu nyeupe na bakora ya mpini wa fedha. Aliwasalimia wazee vizuri sana. Kisha akasema mbwa wake ni mkali kwa maumbile, kila mtu anajua, na anayevuka mpaka wa mtu ameyataka. Akaomba arudishiwe mbwa wake.

Nikaomba ruhusa kwa sheha. Mbwa alikuwa ndani ya gari, amevaa kifungo cha mdomo na mkanda wa kifuani, nami nimeshika kamba mbili. Nilimteremsha, nikasimama naye mbali na watu. Nikamwomba mwanamke mmoja anyanyuke apite na gunia lake kichwani. Alipita. Mbwa akamtazama, akageuka kunitazama mimi akingoja samaki. Akapita wa pili. Wa tatu. Mbwa akakaa chini.

Kisha mama akasimama. Hatukuwa tumekubaliana. Alikuwa amejifunga kanga mpya, akaja karibu kuliko nilivyotaka, akasimama mbele ya mbwa akimtazama usoni. Nilizishika kamba mpaka viganja vikaniuma. Mbwa akapiga mwayo, akageuza kichwa pembeni. Mama akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kumbe si maumbile," akarudi kukaa.

Yule bwana uso ulikuwa umeshambadilika. "Mmemharibu mbwa wangu," alisema. Akanyanyuka akaja kwetu. Na mimi nilijua atakuja. Nilijua atanyanyua mkono, nikamngojea. Alimwita mbwa, mbwa hakwenda. Akaita tena, na mkono wenye bakora ukapanda wenyewe, kwa mazoea. Mbwa akalala kifudifudi mchangani, akajikojolea.

Nikamtia mbwa nyuma ya miguu yangu. Sheha akamtazama yule bwana, akatazama bakora, kisha akamwita yule mlinzi wa zamani, niliyemwomba aje, aliyekuwa amekaa kando ya ua muda wote. Mlinzi akaulizwa, akasema yote: kanga, gunia, kipigo cha kila asubuhi. Wanawake wakaanza kuguna, mmoja akacheka kwa dharau, na kicheko kile kikaenea majamvini. Nilimtazama usoni yule bwana mpaka kicheko kilipokwisha. Sikutaka kupoteza hata kidogo.

Ukuta ulibomolewa. Gharama za matibabu ya mama akaambiwa alipe, akalipa. Yule bwana alikataa kumchukua mbwa, akasema hana kazi naye tena, mbwa akabaki kwetu. Mpaka leo ukinyanyua fagio ghafla anakimbilia chini ya meza. Hilo sijaweza kulitoa.

Lakini kilichomuumiza yule bwana kilitoka vibarazani. Habari ilifika mjini kabla yake. Dukani kwake wanawake wakawa wanaingia, wanaomba kuoneshwa kanga, wanauliza kwa adabu, "Hii inamfaa mlinzi?" kisha wanatoka bila kununua. Mimi mwenyewe nilikuwa nikishuka mjini napita kwa makusudi uchochoro wake, naye akiniona anaingia ndani. Nilikuwa narudi nyumbani nimefurahi.

Baadaye alikuja kazini kwetu, peke yake. Alikuwa amekonda. Akaniomba nizungumze na watu waache maneno, kwa sababu binti yake anaposwa na yanaharibu.

"Pole hukunipa," nilimwambia. "Na mimi siye niliyeng'atwa."

Akenda kijijini. Nilikuwapo siku hiyo. Mama alikuwa ameshahamia kwake, amekaa kivulini mbele ya nyumba akifunga miche ya mwani kwenye kamba. Yule bwana akapiga hodi.

Mama hakusema karibu. Kwetu mtu akipiga hodi, hata awe hasimu yako, huitikiwa. Mama aliinamia kamba yake, akafunga mche mmoja kwa vidole vyake vizima, akautengeza kwa vile viwili visivyokunjika, unaanguka, anauokota, anaufunga tena. Alifanya taratibu ili yule bwana aone. Yule bwana alisimama juani na kofia yake mkononi, akasema shikamoo, akasema amekuja kutaka radhi, akasema tena. Mimi nilisimama mlangoni, nami sikumwambia karibu. Alipochoka aliondoka, akapita njia ya watu kwenda kwenye gari lake.

"Amekwenda?" mama aliniuliza, bila kunyanyua kichwa.

"Amekwenda."

"Nipe kamba nyengine."